Tathmini ya dawa ya "kuongeza kinga" wanayouziwa wagonjwa wa saratani ya titi jijini Kampala

Dawa ninayoitathmini hapa ni ya maji. Imo katika chupa ya plastiki ya rangi ya kahawia yenye ujazo wa mililita 500, na inauzwa shilingi 85,000 katika duka la dawa za asili lililo katikati ya Kampala, kwenye mitaa ya kati ya stendi za teksi na soko la Owino. Lebo yake imeandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa wateja wengi wa mitaa hiyo wametoka Kongo, Tanzania, Kenya na wilaya zetu za mipakani, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na muuzaji. Sitaitaja kwa jina. Chupa za namna hii ni nyingi, majina yake hubadilika kila baada ya muda, lakini madai ni yale yale, na aliyekwisha kuona jinsi lebo moja inavyopimwa ataweza kuipima nyingine mwenyewe.

Aliyeniletea chupa hii ni jirani yangu, mama wa makamo aliyekuwa amethibitishwa hospitalini kwamba ana saratani ya titi. Alikuwa amekwisha kunywa karibu nusu yake, na kabla hajanunua ya pili aliniambia, "Kaka, wewe umefanya kazi ya maabara. Nisomee hii, uniambie kama ni kweli." Nilimjibu kwanza kwa maneno machache, kisha nikaenda dukani kujionea na kumsikiliza muuzaji. Haya ninayoandika ni majibu yale yale kwa urefu wake.

Nianze na mambo mepesi. Kifuniko kilikuwa na lakiri, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda zilisomeka vizuri, na chupa haikuvuja. Ladha yake ni uchungu wa shubiri unaofuatwa na ukali wa tangawizi, na asali iliyotiwa haitoshi kuuficha. Viungo vilivyoorodheshwa ni mlonge, manjano, tangawizi, shubiri, kitunguu saumu na asali, bila kutajwa kiasi cha hata kimoja. Namba ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi NDA, haimo. Maelekezo ni kijiko kimoja kikubwa asubuhi na kimoja jioni kwa miezi mitatu mfululizo, na kwa hesabu hiyo mgonjwa atahitaji chupa sita, yaani shilingi 510,000.

Madai ya lebo ni manne. La kwanza ni kwamba dawa huongeza idadi na nguvu za seli nyeupe za damu. La pili, kwamba seli hizo huitambua saratani ya titi na kuishambulia mpaka iishe. La tatu, kwamba inafaa kwa kila aina ya saratani ya titi. Na la nne, kwamba haina madhara yoyote. Nitaanza na la pili, kwa sababu ndilo lenye ukweli ndani yake, na naamini ukweli huo ndio unaoiuza chupa.

Ni kweli kabisa kwamba kinga ya mwili inaweza kuitambua seli ya saratani ya titi na kuiua. Mtaalamu wa patholojia anapokata kipande chembamba cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini, mara nyingi huona limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zimejipenyeza katikati ya seli za saratani. Katika ile aina isiyo na vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ishara za kukua, vya homoni za estrojeni na projesteroni wala vya HER2, imethibitika kwamba kadiri limfosaiti hizo zinavyokuwa nyingi ndani ya uvimbe, ndivyo mgonjwa anavyokuwa na matumaini makubwa zaidi baada ya matibabu. Kwa hiyo mtengenezaji wa dawa hii hakubuni kitu kisichokuwapo. Kosa lake linaanzia katika jinsi anavyodhani mambo hayo yanatendeka.

Kila seli yenye kiini mwilini huvunja sehemu ya protini zake, na vipande vifupi vya protini hizo, kwa kawaida vya amino asidi 8 hadi 10, hupandishwa hadi kwenye utando wa nje wa seli vikiwa vimeshikiliwa na molekuli zinazoitwa HLA. Ni kama mchuuzi wa Owino anayetandaza mbele ya kibanda chake sampuli ya kila kilichomo ndani, ili mpita njia aone bila kuingia. Wapita njia wenyewe ni seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti, hasa zile zenye alama ya CD8, na kila moja ina kipokezi cha namna yake kinachoweza kushikana na vipande vichache tu miongoni mwa vile vinavyoonyeshwa. Mwaka 1974 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakifanya kazi na panya walioambukizwa virusi, walionyesha kwamba seli T haikitambui kipande kikiwa peke yake. Hukitambua kikiwa kimeshikwa na molekuli ya aina ya HLA iliyo ya mwili ule ule. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Seli ya saratani ya titi ni seli ya mwili wenyewe iliyoharibika jeni zake. Jeni iliyobadilika hutoa protini iliyobadilika, na protini hiyo ikivunjwa huweza kutoa kipande ambacho seli T hazijawahi kukiona. Wakati mwingine protini yenyewe ni ya kawaida lakini imetengenezwa kupita kiasi, kama HER2, na wingi huo peke yake huweza kuvuta macho ya kinga. Hata hivyo, seli T ambayo haijawahi kukutana na kipande hicho haiendi moja kwa moja kwenye uvimbe na kuanza kuua. Ni lazima kwanza ifundishwe, na mwalimu wake ni seli ya dendriti, ambayo Ralph Steinman na Zanvil Cohn waliieleza mwaka 1973.

Seli ya dendriti huokota mabaki ya seli za saratani zilizokufa, huyavunja, kisha husafiri nayo kwa njia ya limfu hadi kwenye tezi. Kwa saratani ya titi, mara nyingi tezi hizo ni zile za kwapani, ambazo daktari huzipapasa kila anapompima mgonjwa. Huko huvionyesha vile vipande kwa maelfu ya seli T zinazopita. Ile ambayo kipokezi chake kinalingana hupokea ishara ya kwanza, lakini hiyo haitoshi. Inahitaji na ishara ya pili kutoka kwa seli ya dendriti yenyewe, ishara inayosema kwamba kilichookotwa kilitoka mahali penye hatari. Ishara ya pili ikikosekana, seli T hulegea na kubaki bila kazi. Zikipatikana zote mbili, huanza kugawanyika, na baada ya siku kadhaa moja huwa maelfu, nazo huingia katika damu kuutafuta uvimbe.

Zikifika, kinachotokea ni cha ajabu kwa usahihi wake. Seli T hujibandika kwenye seli ya saratani na kuisogeza mifuko yake ya sumu upande ule ule wa mguso, ili isimwagikie jirani asiye na hatia. Protini iitwayo perforini hutoboa utando wa seli ya saratani, na vimeng'enya viitwavyo granzaimu huingia na kuamsha ndani yake mfumo wa kujiua ambao kila seli huzaliwa nao. Seli hiyo hunywea, DNA yake hukatwakatwa, utando wake huvimba malengelenge, na makrofaji, seli nyeupe zinazomeza takataka, huja kuyala mabaki. Ile seli T haifi. Hubanduka na kwenda kwa nyingine. Nimewahi kuonyeshwa picha za video za tukio hili zilizochukuliwa kwa hadubini, na nakiri kwamba yeyote aliyeziona ataelewa kwa nini watu wanatamani kuwe na chupa ya kuliamsha.

Zipo pia seli NK, aina nyingine ya limfosaiti, zinazoua bila kufundishwa kwanza. Hizi huangalia kinyume: saratani ikiziondoa molekuli zake za HLA ili seli T zisione kitu, ule upungufu wenyewe huwa ndio alama ya kushukiwa. Wazo hilo la kutambua kwa kuona kilichokosekana lilitolewa na Klas Kärre na wenzake katika miaka ya 1980. Lakini seli NK nazo hazifanyi kazi kwa upungufu huo tu. Hupima pamoja nao alama za dhiki ambazo seli iliyoharibika huzitoa nje, na uamuzi wa kuua hutokana na uzito wa alama zote kwa pamoja.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Huyu ni mtu ambaye hajalazwa kwa miaka mingi, malaria humshika na kumwacha, kidonda chake hupona upesi. Kinga yake ni nzima. Kama ingekuwa saratani huja kwa sababu seli nyeupe ni dhaifu au ni chache, yeye asingeugua. Hapa ndipo lebo inapopotea njia, kwa sababu inajibu swali ambalo ugonjwa huu haukuuliza. Katika saratani ya titi, tatizo kubwa kwa kawaida ni kwamba seli za kinga hazikioni cha kushambulia, au zimekiona lakini zimezuiliwa.

Kutokuona kuna sababu zake. Saratani nyingi za titi zina mabadiliko machache ya jeni zikilinganishwa na saratani ya ngozi ya melanoma au ya mapafu ya wavutaji sigara, kwa hiyo vipande vya kigeni vinavyoonyeshwa ni vichache. Zile zenye vipokezi vya estrojeni, ambazo ndizo nyingi zaidi, mara nyingi hukutwa na limfosaiti haba sana ndani yake. Seli nyingine za saratani huzipunguza molekuli za HLA, na kwa kuwa zinazokamatwa ndizo zinazoonekana, zinazobaki na kuzaliana ni zile zilizojificha vizuri.

Kuzuiliwa nako ni kisa kirefu. Mwili una njia zake halali za kuizuia kinga isije ikaushambulia mwili wenyewe, na saratani huzitumia njia hizo hizo. Kwenye seli T kuna kipokezi kiitwacho PD-1, kilichogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto. Seli ya saratani, au makrofaji zilizo karibu nayo, zikionyesha protini ya PD-L1 inayoshikana nacho, seli T hupunguza mwendo na hatimaye huchoka. Kuna seli T za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Kuna makrofaji ambazo, zikikaa ndani ya uvimbe, hubadilishwa tabia zikaanza kuusaidia kujenga mishipa ya damu. Hizi zote ni seli nyeupe, na hili nalitilia mkazo: mtu akiziongeza seli nyeupe zote kwa jumla, pasipo kuchagua, ameziongeza pamoja na zile zinazoulinda uvimbe.

Hilo linatuleta kwenye dai la kwanza, la idadi na nguvu. Dawa inayoongeza seli nyeupe ipo kweli hospitalini, inaitwa filgrastimu, na hudungwa kwa mgonjwa ambaye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, imemshusha neutrofili zake, zile seli nyeupe zinazopambana na bakteria. Kazi yake ni kumkinga na maambukizi. Hakuna daktari anayeitoa ili iue saratani ya titi, na idadi ya seli nyeupe katika kipimo cha damu haisemi lolote kuhusu kama kuna hata seli T moja inayoutambua uvimbe. Muuzaji aliponiambia kwamba wateja wake huenda kupima damu na kukuta seli nyeupe zimepanda, alidhani amenipa ushahidi. Seli nyeupe hupanda hata kwa jipu.

Na kuhusu kuiamsha kinga kwa jumla ili iishughulikie saratani, jaribio la namna hiyo lilikwisha kufanyika hapa hapa Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika kilima cha Mulago, ilijipatia jina duniani kwa matibabu ya limfoma ya Burkitt, saratani ya limfosaiti ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago. Madaktari wa taasisi hiyo waliwapa baadhi ya wagonjwa wa limfoma hiyo chanjo ya BCG, ile ile ya kifua kikuu, ambayo huiamsha kinga kwa nguvu kuliko mlonge na tangawizi vikichanganywa. Ian Magrath na John Ziegler walitangaza matokeo mwaka 1976: BCG haikuubadilisha mwenendo wa ugonjwa. Limfoma si saratani ya titi, nalijua hilo, na BCG yenyewe inasaidia katika saratani ya kibofu iliyo juu juu inapotiwa ndani ya kibofu. Lakini dhana ya lebo hii, kwamba kinga ikishaamshwa tu itaitafuta saratani yoyote popote ilipo, ni dhana iliyopimwa karibu nusu karne iliyopita umbali wa dakika chache kutoka dukani, na haikufaulu.

Dai la tatu, kwamba dawa hii inafaa kwa kila aina, ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu matibabu ya kweli yanayoitumia kinga dhidi ya saratani ya titi yalifanikiwa pale watafiti walipoacha kuzichanganya aina zote pamoja. Kipande cha uvimbe wa jirani yangu kilipopelekwa maabara kilipakwa rangi maalumu ili kuona vipokezi vitatu: cha estrojeni, cha projesteroni na HER2. Karatasi ya majibu yake inaonyesha HER2 kwa alama ya 3+, yaani protini hiyo imezagaa kwa wingi juu ya seli. Saratani za namna hiyo ni takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani zote za titi. Kama alama ingekuwa 2+, wangelazimika kufanya kipimo cha pili cha jeni yenyewe kabla ya kuamua.

Kwa mgonjwa mwenye majibu kama hayo kuna trastuzumabu, antibodi (protini inayoshikana na shabaha moja maalumu) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Mikono yake hushikana na HER2 na kuinyamazisha ishara ya kukua. Mkia wake hubaki ukining'inia nje ya seli, na mkia huo ndio unaotambuliwa na kipokezi cha CD16 kilicho juu ya seli NK. Seli NK ambayo ilikuwa ikipita bila kuona cha kushuku sasa hukamatana na ile mikia, na perforini na granzaimu hufanya kazi yake. Mwaka 2000 Raphael Clynes na wenzake walionyesha kwamba panya wasio na vipokezi vya kushika mkia huo walipoteza sehemu kubwa ya faida ya dawa hii. Hapo ndipo unapoona tofauti. Trastuzumabu haikuziongezea seli NK nguvu. Ilizionyesha mahali pa kushika. Majaribio yaliyowajumuisha wanawake zaidi ya 13,000 wenye saratani ya HER2 iliyogunduliwa mapema yanaonyesha kwamba kuiongeza kwenye kemo hupunguza kurudi kwa ugonjwa na vifo vinavyotokana nao kwa takriban theluthi moja.

Kwa mgonjwa asiye na kipokezi hata kimoja kati ya vile vitatu, trastuzumabu haina pa kushika. Kwake kuna pembrolizumabu, antibodi inayoziba PD-1 ili seli T zisizuiliwe. Katika jaribio kubwa la wagonjwa wa aina hiyo ambao ugonjwa wao ulikuwa bado kwenye titi na tezi za karibu, asilimia 64.8 ya waliopewa pembrolizumabu pamoja na kemo hawakukutwa na saratani iliyosalia wakati wa upasuaji, ikilinganishwa na asilimia 51.2 ya waliopewa kemo peke yake, na Marekani iliiidhinisha kwa matumizi hayo mwaka 2021. Ni hatua nzuri, lakini msomaji aone pia kwamba hata dawa hii iliyotengenezwa kwa usahihi mkubwa hupewa pamoja na kemo, na haimfai kila mtu. Sasa chupa ya shilingi 85,000 inadai kufaa kwa wote, na muuzaji hakumwuliza mteja hata mara moja majibu ya maabara yanasemaje.

Haki ni kuitaja bei pia, kwa sababu ndiyo inayowarudisha watu kwenye maduka haya. Shirika la Afya Duniani lilipoithibitisha mwaka 2019 trastuzumabu ya kwanza isiyo ya mtengenezaji wa asili, lilieleza kwamba ile ya asili hugharimu wastani wa dola 20,000 kwa mwaka, na kwamba zinazofanana nayo kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65. Hata baada ya punguzo hilo, hizo ni fedha ambazo familia nyingi hazijawahi kuzishika. Ninaelewa kabisa kwa nini mtu aliyetajiwa bei ya namna hiyo huona shilingi 510,000 kuwa nafuu. Lakini kemo ya kawaida, upasuaji na vidonge vya kuzuia homoni vinaokoa watu wengi hata pale antibodi zinapokosekana, na nusu milioni hiyo ingelipa nauli ya kwenda Mulago na kurudi, vipimo, na chakula cha kipindi chote cha matibabu kwa mgonjwa anayetoka mbali.

Dai la nne ni la kutokuwa na madhara. Hapa lebo inajipinga yenyewe. Dawa inayoiachilia kinga kwa kweli haiwezi kukosa madhara, kwa sababu seli T zilizoondolewa kizuizi huweza kuishambulia tezi ya shingo, utumbo, mapafu au ini; wagonjwa wa pembrolizumabu hufuatiliwa kwa sababu hiyo, na wa trastuzumabu hupimwa moyo mara kwa mara kwa kuwa HER2 ina kazi yake kwenye misuli ya moyo. Kama chupa hii ingekuwa inafanya inachodai, ingepaswa kuja na onyo refu. Na kama haifanyi, bado ina shubiri. Utomvu wa shubiri huharisha, na mwaka 2002 Marekani iliamuru uondolewe katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wameleta ushahidi wa usalama wake. Jirani yangu alikuwa ameharisha tangu wiki ya kwanza, akaambiwa kwa simu kwamba huo ni uchafu wa saratani unatoka. Mgonjwa anayekaribia kuanza kemo hatakiwi kupoteza maji na potasiamu kwa namna hiyo.

Kuhusu manjano, ambayo muuzaji aliyasifu sana, ni kweli kwamba kemikali yake iitwayo kurkumini huua seli za saratani ya titi katika vyombo vya maabara. Lakini kurkumini ikimezwa hufyonzwa kidogo mno kutoka tumboni, na kiasi kinachofika kwenye damu ni sehemu ndogo sana ya kile kilichomwagwa kwenye chombo. Manjano yaendelee kutiwa kwenye mchuzi. Sina ugomvi nayo.

Huduma ya duka, nikiitazama peke yake, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Muuzaji alinikaribisha kiti, alinisikiliza bila haraka, alizungumza Kiswahili safi, na alimwita kila mwanamke aliyeingia "mama" kwa heshima. Mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri na kuonana na daktari kwa muda mfupi huondoka hapo akijihisi amethaminiwa, na hospitali zetu zingefaa kulitafakari hilo. Lakini mwisho wa mazungumzo nilimwambia mgonjwa wangu amepangiwa kuanza kemo, nikamwuliza atumie dawa hii wakati gani. Akashauri amalize kwanza miezi mitatu ya chupa, kwani kemo "huua kinga", kisha ndipo aone kama bado anaihitaji hospitali. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mwanamke afike kituoni na dalili hadi uchunguzi wa saratani ya titi ukamilike zisipite siku 60. Ushauri huu wa bure unamwongezea nyingine 90, uvimbe ukiendelea kukua na pengine kutoka kwenye tezi za kwapani kwenda kwenye mifupa au ini. Kwa ushauri huo peke yake, hata kama dawa yenyewe ingekuwa asali tupu, nisingempeleka mtu yeyote katika duka hilo.

Uamuzi wangu ni kwamba dawa hii isinunuliwe kwa ajili ya saratani ya titi. Lakiri na tarehe vinastahili sifa, ladha inavumilika, na kila kinachohusu kinga kwenye lebo yake ama hakikueleweka na aliyekiandika au kilieleweka na kikapindishwa. Aliyekwisha kuinunua asiimwage kwa aibu. Aiweke kwenye mkoba pamoja na karatasi ya majibu ya patholojia, amkabidhi mfamasia wa kliniki ya saratani siku ya miadi, amwambie ameinywa kwa muda gani na mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama ameharisha alitaje hilo kabla hajachomwa dripu ya kwanza. Jirani yangu alifanya hivyo. Walimpima chumvi za damu, wakaahirisha kidogo tarehe ya kuanza, na chupa ikabaki kwa mfamasia.